Mlango wa Kuchongwa Ndani ya Kompyuta: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Mlango unaouchora leo kwenye Revit, Archicad au SketchUp kesho utafika kwa seremala, na seremala atakata mbao kwa vipimo ulivyompa. Akikosa kipimo, atabuni. Akipewa kipimo kisichowezekana, atakirekebisha kimyakimya, na mlango utakaosimikwa hautakuwa ule uliokubaliana na mteja. Mchoro wa mlango ni agizo la kazi. Anayetoa agizo lisilotekelezeka amefanya uzembe, hata kama picha yake inapendeza kwenye kioo cha kompyuta.

Nimechagua mlango mgumu kuliko yote tuliyonayo pwani: ule wa kuchongwa wa mabao mawili unaoonekana Unguja, Mombasa na Lamu. Anayeweza kuuchora huo sawasawa ataweza mlango wowote mwingine. Tena ndio unaoharibiwa zaidi siku hizi, kwa kuwa kila hoteli na kila nyumba ya wageni inautaka, na wabunifu wengi huuchora kutoka kwenye picha za watalii.

Kabla ya kuwasha kompyuta

Usichore mlango ambao hujaufungua na kuufunga kwa mikono yako. Picha karibu zote za milango hii zimepigwa kutoka barabarani, na kwa nje utaona nakshi tu. Kazi yenyewe iko ndani: mbao za kukaza nyuma ya bao, komeo, kiwi, na mahali bao linapozungukia. Ingia ndani. Mwombe mwenye nyumba kwa adabu, eleza unachotaka, na usipige picha ya ndani ya nyumba ya watu bila ruhusa.

Jifunze majina ya viungo vyake. Nguzo mbili za pembeni ni miimo. Juu kuna kizingiti cha juu, chini kizingiti cha chini, ambacho mara nyingi kimeinuka kutoka sakafuni na mtu hukivuka kwa kuinua mguu. Mabao mawili yanayofunguka huitwa mlango dume na mlango jike. Mti wima uliochongwa, unaogongomelewa kwenye bao moja na kufunika mwanya wa katikati, ndio mfaa. Mnyororo wa kufungia ni riza, na pete unamopita ni tumbuu. Majina haya yatumie ndani ya modeli yenyewe. Sitaki kufungua faili na kukuta sehemu zinaitwa "kipande cha 14" na "kipande cha 15". Fundi akiuliza mwimo wa kushoto una unene gani, uweze kuugusa na kumjibu papo hapo.

Pima kwa tepu, timazi na pima maji. Upana pima mara tatu: juu, katikati na chini. Urefu pima kushoto na kulia. Kisha pima mishazari yote miwili, kwa maana mishazari isipolingana, pembe za tundu si mraba, na katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa tundu lenye pembe mraba kamili ni nadra. Kuta hizo mara nyingi zina unene wa sentimita 50 hadi 60, wala unene huo haulingani kutoka juu hadi chini. Ukipima mara moja na kuandika namba moja, hujapima.

Ukitumia skana ya leza au picha nyingi za kuunganishwa na programu, usiamini matokeo kwenye misumari ya shaba. Shaba iliyosuguliwa inarudisha mwanga vibaya, na wingu la nukta hutoka na mashimo au vinundu visivyokuwepo. Vichwa vya misumari vipime kwa mkono: kipenyo, kimo, na umbali kutoka kitovu cha msumari mmoja hadi kitovu cha mwingine.

Usisubiri. Jengo la Beit el-Ajaib, lililojengwa Unguja mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Kifusi hakipimiki. Ukipata nafasi ya kupima mlango wa zamani leo, upime leo, hata kama hakuna mteja aliyekulipa.

Usimng'oe mwenzio mlango wake ili wewe upate wa kunakili. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu tangu 2001. Unguja, mabadiliko ya sura ya nyumba za Mji Mkongwe yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inaitaja moja kwa moja milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946, na kuziweka miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Mbunifu anayeandika kwenye mchoro wake "mlango wa zamani, mteja atatafuta" anawafungulia wezi soko. Andika "mlango mpya wa kuchongwa", taja aina ya mbao, na uchore.

Kuujenga mlango ndani ya programu

Anza na kiolezo cha mlango. Katika Revit kiolezo hicho kina ukuta, tundu, mistari ya rejea ya kushoto, kulia na katikati, na parameta za upana na urefu. Kina pia maandishi yanayoonyesha upi ni upande wa nje na upi wa ndani. Yasome. Mfaa na nakshi ya miimo hukaa nje. Nimeona familia nzima ya mlango, yaani mlango uliojengwa kwa kiolezo hicho, iliyochorwa ndani nje, na kosa likagunduliwa fremu ikiwa imeshachongwa.

Usijenge mlango kama kitu cha kawaida kisicho na aina. Kipande kilichochorwa papo hapo ndani ya mradi bila kupewa aina ya mlango hakitaingia kwenye jedwali la milango. Kisipoingia kwenye jedwali hakitaingia kwenye makadirio, na mkadiriaji hatakiona hadi siku mteja anapouliza mlango wake uko wapi.

Funga mistari ya rejea kwanza, mbao baadaye. Weka mistari, ipe vipimo, vipe vipimo majina, kisha badilisha upana kutoka 1200 hadi 1800 uone kama mistari inasogea bila kuvunjika. Hapo tu ndipo uanze kuweka mwimo wa kwanza. Anayejenga mbao zote ndipo ajaribu kubadilisha upana atarudia kazi yote.

Parameta zako ziwe zile ambazo fundi anazihitaji:

– upana na urefu wa tundu kwenye ukuta, kabla ya fremu;
– upana wa wazi kati ya mwimo na mwimo;
– upana na unene wa mwimo;
– kimo cha kizingiti cha juu na cha chini, kila kimoja peke yake;
– unene wa bao;
– upana na unene wa mfaa;
– umbali wa fremu kutoka uso wa nje wa ukuta.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayoharibu nyumba za mawe. Kwenye ukuta wa tofali la inchi 6 lililopigwa plasta pande mbili, fremu ya mbao ya 6 kwa 2 inakaribia kujaza unene wote, na hakuna swali iko wapi. Kwenye ukuta wa sentimita 55, fremu hiyohiyo inaweza kukaa mahali popote. Mlango wa kuchongwa hukaa karibu na uso wa nje, na ndani hubaki kina kirefu ambamo mabao hufungukia. Ukiiacha programu iiweke fremu katikati ya ukuta, nakshi itazama kwenye kivuli.

Usiandike vipimo vya mbao kama zilivyouzwa. Mbao ya 6 kwa 2 ikisharandwa imepungua milimita kadhaa kila upande. Nenda kwa fundi upime mbao iliyokwisha kurandwa, uandike kipimo hicho.

Usishushe mlango kutoka kwenye ghala la mtandaoni ukauingiza kwenye mradi kama ulivyo. Mingi kati ya milango hiyo ni wavu wa pembetatu uliotengenezwa kwa ajili ya picha. Haina unene wa kweli wala mwanya, na vipimo vyake vilipatikana kwa kukisia. Unaweza kuutazama upate mawazo. Kuutuma kwa seremala ni marufuku.

Kwa wanaotumia Archicad: bao lako ukilichora likiwa limelala kwenye ramani na kulihifadhi kama bao la mlango, programu italikubali na kulisimamisha ukutani. Lakini kumbuka kwamba bao hilo halina akili. Ukibadilisha upana, hutanuka lote pamoja na nakshi yake, na maua yaliyokuwa duara yatakuwa mayai. Hifadhi bao tofauti kwa kila upana unaoutumia, au kaa chini ujifunze GDL, lugha ya Archicad ya kuundia vitu vya namna hii. Kwa wanaotumia SketchUp: komponenti inayotoboa ukuta hutoboa uso mmoja tu. Ukuta wako una nyuso mbili. Toboa wa pili mwenyewe, la sivyo mlango utafunguka na kukutana na ukuta.

Mfaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa wengi ndipo wanapoanguka.

Usichore mfaa kama nguzo iliyosimama katikati ya tundu. Mfaa haujashikwa na kizingiti. Umeshikwa na bao moja na hutembea nalo. Ukiuweka kwenye fremu, umewagawia watu mlango wa nusu upana milele, kwa sababu hakuna atakayeweza kuuondoa ule mti katikati.

Elewa bao lipi hufunguka kwanza. Mabao hufunguka kwa ndani. Mfaa uko nje, umegongomelewa kwenye bao moja, na nusu ya upana wake imelalia bao la pili. Bao lenye mfaa likijaribu kuingia ndani kwanza, mfaa utaligonga bao la pili na kukwama. Kwa hiyo bao lisilo na mfaa hufunguka kwanza na kufungwa mwisho. Hii ni hesabu ya umbo, haibadiliki kwa matakwa ya mteja. Chora hivyo kwenye ramani: bao la kwanza kufunguka liwe na tao la mstari mzima, la pili tao la mstari wa vitone, na maelezo mafupi pembeni. Kitasa, kama mteja anataka kitasa cha kisasa, hukaa kwenye bao lisilo na mfaa.

Sasa piga hesabu ya nafasi ya kupita. Tuseme kati ya mwimo na mwimo kuna milimita 1400. Kila bao ni 700 hivi. Fungua bao moja digrii 90: unene wake wa milimita 50 unabaki umesimama ndani ya tundu. Imebaki 650. Mfaa wako una upana wa 120, na nusu yake, yaani 60, imejitokeza upande uliofunguliwa. Imebaki 590. Kanuni za Marekani za watu wenye ulemavu (ADA), ambazo baadhi ya hoteli za kimataifa huzifuata, hutaka nafasi ya wazi isiyopungua inchi 32, yaani milimita 815. Mlango wako wa 1400 unaopendeza hautampitisha mtu wa kiti cha magurudumu kwa bao moja, na hata mtu mwenye sanduku atapita ubavu.

Usiifiche hesabu hii. Iandike kwenye mchoro na umwambie mteja achague: tundu pana zaidi, au mabao yote mawili yawe wazi saa za kazi, au mlango mwingine wa pembeni ulio rahisi. Kizingiti cha chini nacho ni hivyo hivyo. Kikibaki na kimo chake cha asili, weka njia nyingine isiyo na kizingiti, na uichore sasa, maana siku ya ufunguzi mtu wa kwanza mwenye kiti cha magurudumu atahitaji kuingia.

Usipunguze upana wa mfaa hadi uwe kipande cha kifiniko ili kuokoa milimita 20. Mfaa mwembamba kwenye mlango wenye miimo mipana huonekana mara moja kuwa wa uongo, hata kwa mtu asiyejua chochote kuhusu useremala.

Bawaba, uzito na mwanya

Milango mingi ya zamani ya pwani haikutumia bawaba. Bao lilikuwa na ncha mbili za mti, juu na chini, zilizoingia kwenye matundu ya vizingiti na kuzunguka humo. Ukichora mlango wa namna hiyo, mhimili wa kuzunguka hauko kwenye ukingo wa bao. Uko ndani kidogo, kwenye kitovu cha ncha. Maana yake kisigino cha bao hurudi nyuma linapofunguka, na lazima kiwe na nafasi nyuma ya mwimo. Weka mhimili mahali pake halisi na uzungushe bao ndani ya programu kutoka 0 hadi 90. Likigusa chochote, rekebisha.

Mteja akitaka bawaba, kokotoa uzito kabla ya kuzichagua. Mvule mkavu una takriban kilo 650 kwa mita ya ujazo. Bao la mita 0.7 kwa 2.4, lenye unene wa milimita 50, lina mita za ujazo 0.084, yaani kilo 55 hivi. Bado hujaongeza mfaa, shaba, wala mbao za kukaza. Mbambakofi ni mzito zaidi ya mvule. Bawaba mbili za dukani zinazofungwa kwenye milango ya vyumbani hazitaubeba mzigo huo hata miaka michache. Weka tatu au nne, za kubeba uzito, na skrubu ndefu zinazopita fremu na kuingia ukutani.

Usiache mwanya wa sifuri. Kompyuta hukubali bao la 700 liingie kwenye nafasi ya 700, ila mbao haikubali. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri unyevu unavyopanda na kushuka, na pwani unyevu haukai mahali pamoja mwaka mzima. Acha angalau milimita 3 kila upande na zaidi kidogo chini. Urefu wa mbao, sambamba na nyuzi zake, haubadiliki kiasi cha kukusumbua, kwa hiyo usihofie juu kama unavyohofia pembeni. Kama bao lako lina vipande vya kati vilivyozungukwa na fremu yake, vipande hivyo vikae huru ndani ya mifereji. Usivigundishe kwenye modeli kuwa kitu kimoja, kwa sababu fundi kijana ataona kitu kimoja na kuvigundisha kwa gundi.

Nakshi

Usichonge nakshi yote ndani ya modeli ya jengo. Fanya hesabu ya misumari peke yake. Kichwa kimoja cha msumari kikichorwa kama nusu tufe laini kinaweza kubeba pembetatu 500. Misumari 40 kwenye mlango mmoja ni pembetatu 20,000, na bado hujachora jani hata moja. Hoteli yenye milango 30 ya namna hiyo italemea kompyuta ya ofisi nzima. Kila mwenzako anayefungua faili atakaa akisubiri kwa sababu ya uvivu wako wa kupanga.

Gawa kazi katika viwango vitatu. Kwenye ramani ya sakafu mlango uwe mistari tu: fremu, mabao, tao la kufungukia. Kwenye mwonekano wa mbele uwe na fremu, mfaa, mistari mikuu ya nakshi na vitovu vya misumari. Kwenye kiwango cha juu kabisa, na kwa ajili ya picha tu, weka nakshi kama picha ya kina iliyobandikwa juu ya uso wa mbao. Nakshi ya kweli, ile ya kuchongwa, ikae kwenye mchoro wake peke yake wa kipimo cha 1 kwa 1, ambao mchongaji ataubandika juu ya ubao na kuufuata kwa patasi.

Usinyooshe nakshi ili ijaze nafasi. Mwimo ukiongezeka urefu kwa milimita 200, usilivute ua la yungiyungi likawa refu. Rudia ua, au badilisha nafasi kati ya maua, au panua ukingo. Ndivyo mchongaji mwenyewe angefanya. Ndani ya familia weka idadi ya marudio kama namba kamili inayotokana na urefu, na masalio yagawanywe juu na chini. Kwenye pembe, ambako nakshi ya mwimo hukutana na ya kizingiti, chora kwa mkono. Hapo ndipo jicho la mtu hutua kwanza, wala hakuna parameta itakayokupa pembe nzuri.

Usichanganye mitindo kwa kukosa kujua. Mlango wa mtindo wa Kiarabu wenye kizingiti kilichonyooka, mlango wenye tao juu uliokuja na athari za Kihindi, mlango wa Kigujarati wenye vijiraba vingi vidogo uliotumika sana madukani, na kazi ya Siyu na Wabajuni ya kuchanja maumbo ya kijiometri na kuyatia rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe: hivi ni vitu vinne. Kila kimoja kina uwiano wake. Anayetaka kubuni kipya abuni, ni haki yake, watu waliochonga milango hiyo nao walikuwa wabunifu. Lakini kuchukua kizingiti cha huku na bao la kule kwa sababu vyote vilikuwa kwenye folda moja si ubunifu. Ukiulizwa kwa nini umeviweka pamoja, uwe na jibu.

Jua nakshi itachongwa na nani. Mchongaji wa mkono anaweza kukupa kona kali na kina kinachobadilika. Mashine inayoongozwa na kompyuta hukata kwa ncha ya duara: ncha ya milimita 6 huacha kila kona ya ndani na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3. Ukiichorea mashine kona kali, utapata kona butu na ugomvi. Na kumbuka unene. Ukichimba milimita 15 kwenye mbao ya 45 zimebaki 30, na humo ndimo utakamotaka kufunga skrubu.

Maandishi ya kizingiti

Hili sina mjadala nalo. Vizingiti vingi vya milango hii vina maandishi ya Kiarabu: aya za Qur'ani, dua, jina la mwenye nyumba, mwaka wa Hijria. Programu kama Revit ina mishale ya kugeuza mlango kushoto au kulia kwa kubofya mara moja, na mlango ukigeuzwa hivyo kila kilicho ndani yake hugeuzwa kama kwenye kioo. Aya itasomeka kinyume. Fundi asiyesoma Kiarabu ataichonga kinyume, na itabaki hivyo juu ya vichwa vya watu.

Kwa hiyo weka kizingiti chenye maandishi kama kitu tofauti kisichogeuka pamoja na mabao, au tengeneza aina mbili za mlango, wa kushoto na wa kulia, na uondoe mishale ya kugeuza kabisa. Chapa maandishi kwenye karatasi kwa ukubwa wake, mpelekee mtu anayesoma, na apitie herufi kwa herufi, nukta kwa nukta. Asaini. Usinakili maandishi kwa macho kutoka kwenye picha ukidhani ni mapambo yaliyopindapinda.

Usiweke aya kwenye mlango wa choo, wa baa, wala kwenye kizingiti cha chini kinachokanyagwa. Mteja akisisitiza, kataa. Tumia nakshi ya majani. Na usiandike mwaka wa zamani kwenye mlango mpya. Mlango wa 2025 uandikwe 2025, au mwaka wake wa Hijria, ili mjukuu wa mtu asidanganywe.

Jedwali, faili na makabidhiano

Kila mlango uwe na namba yake, na namba hiyo iwe ile ile kwenye ramani, kwenye jedwali, kwenye mchoro wa nakshi na kwenye kipande cha karatasi kitakachobandikwa nyuma ya bao pale karakana. Kwenye jedwali la Revit hakikisha kila mlango unajua unatoka chumba gani kwenda chumba gani. Kwenye kuta nene programu hushindwa kukikuta chumba, kwa hiyo washa nukta ya kukokotolea vyumba ndani ya familia na uisogeze hadi iingie chumbani pande zote mbili. Ikiachwa jinsi ilivyo, huwa imezimwa.

Misumari ya shaba, riza, tumbuu na komeo vihesabiwe. Viweke kama familia ndogo zinazoshirikishwa ili vitokee kwenye jedwali. Mnunuzi hatahesabu misumari kwa kidole kwenye picha.

Ukituma kwa wahandisi kwa mfumo wa IFC, ule wa kubadilishana modeli kati ya programu, fungua faili uliyoitoa kwa programu nyingine kabla hujaituma. Angalia mambo matatu: mlango umetambuliwa kuwa mlango, umeandikwa kuwa wa mabao mawili, na unafunguka upande ulioukusudia. Kazi hiyo ni ya dakika chache.

Usimwonyeshe mteja picha iliyong'arishwa kabla fundi hajaikubali michoro. Ukishamwonyesha, ameipenda, na kila ukweli utakaofuata ataona ni kuharibiwa kwa mlango wake. Kaa na seremala na mchongaji karakanani, iwe Keko, Malindi au Lamu, uweke karatasi mezani, umsikilize. Akisema kizingiti hiki hakitabeba, usimjibu kwa kumwonyesha simu. Muulize kingekuwa na unene gani, uandike, ubadilishe siku hiyo hiyo, na umrudishie karatasi mpya. Ile ya zamani ichukue na uichane mbele yake. Karatasi mbili zenye vipimo tofauti zikikaa karakana moja, itafuatwa ile isiyofaa.

Mlango ukishasimikwa, rudi na tepu. Pima ulivyo kweli, si ulivyouchora, na urekebishe modeli iendane nao: mwanya uliobaki, kizingiti kilivyokaa, bao lipi hatimaye lina mfaa. Mpe mwenye nyumba nakala ya PDF na nakala ya IFC, pamoja na mchoro wa nakshi wa 1 kwa 1, majina ya seremala na mchongaji kama wameridhia, aina ya mbao na mahali iliponunuliwa. Kipande kimoja kikioza au kikivunjwa baadaye, fundi mwingine atakata kingine kutoka kwenye karatasi hizo bila kukutafuta.